Mwezi wa Kutengenezwa: historia ya maonyesho ya droni, na swali nililoulizwa Mbita

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nimezama katika kazi moja ambayo haijaniletea hata shilingi, na leo nataka kuwasimulia habari zake kwa sababu imenipa historia ambayo chuoni hatukuigusa kabisa.

Mambo yalianza hivi. Rafiki yangu ana nyumba ya wageni kando ya ziwa, si mbali na mji wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Aliona kwenye simu video ya droni mamia zikichora maumbo angani usiku, juu ya bustani ya burudani huko ng'ambo, na watu chini wamefungua midomo. Akanipigia simu saa nne usiku. "Wewe si ulisomea kompyuta? Tufanye hii hapa kwetu. Droni hamsini tu. Zichore samaki, kisha zichore jina la hoteli." Nilicheka, nikakata simu, halafu sikulala. Kufikia alfajiri nilikuwa na programu ndogo kwenye laptopu inayoigiza nukta hamsini zikipaa kutoka ufuoni. Ndivyo tulivyo watu wa kompyuta: tunaanza kuandika kabla ya kuuliza.

Basi baada ya kuandika nikaanza kuuliza. Mambo haya yalitoka wapi?

Wengi hudhani ni uvumbuzi wa Wachina wa juzi, kwa sababu rekodi kubwa za sasa ni zao. Kwa kweli onyesho la kwanza kubwa la nje lilifanyika Linz, mji wa Austria, Septemba 2012. Maabara ya Ars Electronica Futurelab ilirusha droni 49 juu ya mto Danube, kila moja ikiwa na taa inayobadilisha rangi. Arobaini na tisa! Leo mtu akirusha idadi hiyo watu wanauliza zilizobaki ziko wapi. Lakini fikiria 2012: droni ndogo zenyewe zilikuwa kitu cha maabara na cha watu wa kuchezea vyuma gereji, na kurusha mbili bila kugongana kulikuwa jambo la kujivunia. Droni hizo zilitengenezwa na kampuni ya Kijerumani iitwayo Ascending Technologies. Shikeni jina hilo.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2015, Intel walishirikiana na watu wale wale wa Linz wakarusha droni 100 karibu na Hamburg, huku okestra ikipiga muziki wa Beethoven papo hapo. Januari 2016 Intel wakainunua Ascending Technologies. Kwa nini kampuni ya kutengeneza vichakataji vya kompyuta inunue kampuni ya droni? Mimi naona walikuwa wanatafuta tangazo. Soko la simu lilikuwa limewaponyoka na walitaka dunia iwaone wakifanya jambo jipya. Mwaka huo huo wakatoa droni ya kazi hii moja tu, waliyoiita Shooting Star: sponji na plastiki, haifikii hata nusu kilo, haina kamera, ina taa tu tumboni.

Hapo ndipo bustani za burudani zinaingia. Kampuni ya Disney ilikuwa na hamu ya droni tangu mapema. Mwaka 2014 maombi yake ya hataza yalichapishwa, na ndani yake kulikuwa na mawazo kama ya kuning'iniza vikaragosi vikubwa kwenye droni na kuzigeuza droni zenyewe kuwa nukta za picha angani. Kizuizi kilikuwa sheria, tena sheria ya kuchekesha. Tangu 2003 anga ya juu ya bustani za Disney za Florida na California imewekewa marufuku ya ndege kupita chini ya futi 3,000. Marufuku hayo yaliwekwa kwa hoja ya usalama na yaliwafaa sana wenye bustani, maana ndege ndogo zinazovuta mabango ya matangazo hazikuweza tena kupita juu ya wageni wao. Sasa wao wenyewe walipotaka kurusha kitu usiku, ikabidi waombe ruhusa kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ili waingie katika anga iliyofungwa kwa ajili yao.

Ruhusa ilipatikana. Novemba 2016, katika eneo la maduka na mikahawa la Disney Springs, Florida, droni 300 za Intel zilianza kuruka juu ya maji usiku hadi usiku, zikichora mti wa Krismasi na njiwa. Onyesho liliitwa Starbright Holidays na liliendelea hadi Januari 2017. Kwangu mimi huu ndio mwaka ambao mchezo wa maabara uligeuka biashara, kwa sababu kurusha mara moja mbele ya kamera ni jambo moja, na kurusha kila jioni mbele ya watoto wenye aiskrimu ni jambo lingine kabisa.

Mwezi uliofuata, Februari 2017, droni kama hizo zilionekana nyuma ya Lady Gaga kwenye fainali ya Super Bowl. Watazamaji wengi hawakujua kwamba sehemu ile ilirekodiwa siku kadhaa kabla. Na mwaka 2018, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi Pyeongchang, Korea Kusini, zile droni 1,218 zilizowafanya watu waruke kwenye viti zilikuwa zimerekodiwa Desemba iliyotangulia. Za papo hapo zilifutwa usiku ule. Sisemi hivyo kwa kubeza. Mtu yeyote aliyewahi kuonyesha programu yake mbele ya wateja anajua kwa nini mtu mwenye akili hubeba rekodi mfukoni.

Baada ya hapo idadi ikawa ndiyo habari yenyewe. Intel wakarusha 2,018 kusherehekea miaka 50 yao mwaka 2018. Ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, 2021, ukawa na 1,824. Mwaka 2022 Intel wakachoka, wakauza biashara hiyo kwa Nova Sky Stories, kampuni ya Kimbal Musk. Disneyland Paris wakaifanya kuwa sehemu ya onyesho la kila usiku mwaka huo huo, na Disney Springs wakarudi na droni 800 katika majira ya joto ya 2024. Mwaka huo Shenzhen, China, ikavuka 10,000 kwa mara moja. Nikifika kwenye namba hizo hamu inaniisha. Mtu aliyeelewa droni hamsini ameelewa elfu kumi. Zilizobaki ni pesa.

Haya, tuingie kwenye sehemu ninayoipenda mimi, na wale wasiopenda hesabu waruke aya tatu.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni: droni hizo zinazungumzaje ili zisigongane? Jibu ni kwamba kwa kawaida hazizungumzi. Kila droni hubeba faili lake kabla ya kupaa, na ndani ya faili kuna orodha tu: sekunde hii uwe hapa, taa yako iwe rangi hii. Haijui kwamba ina majirani. Kinachoziunganisha ni saa. Setilaiti za GPS zina saa za atomi ndani, kwa hiyo kila droni inayosikia setilaiti hizo inajua saa kwa usahihi kuliko saa yoyote iliyoko Homa Bay. Ukiziambia zote zianze saa mbili kamili usiku, zitaanza pamoja kama kwaya iliyoona mkono wa mwalimu.

Mahali ni pagumu zaidi. GPS ya kawaida, ile ya simu yako, inakosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa kati ya droni mbili ni kifo cha zote. Dawa yake ni kuweka antena moja ardhini mahali ambapo panajulikana kwa usahihi. Antena hiyo inasikiliza setilaiti zile zile, inalinganisha kile zinachosema na ukweli inaoujua, kisha inatangaza tofauti hiyo kwa redio. Droni zinaondoa kosa hilo kwenye hesabu yao na kubaki na kosa la sentimita chache. Ni hila ya kizamani ya mpima ardhi, ila imepewa mabawa.

Kisha kuna swali la nani aende wapi. Una droni hamsini zilizopangwa mistari ufuoni na unataka umbo la ngege angani. Njia za kugawa nafasi hizo ni nyingi mno: ni namba yenye tarakimu 65. Ukijaribu moja moja, jua litazimika kabla hujamaliza. Lakini mwaka 1955 Mmarekani Harold Kuhn alichapisha mbinu ya kugawa kazi kwa watu kwa gharama ndogo kabisa, akaiita ya Kihungari kwa heshima ya wanahisabati wawili wa Hungaria, Kőnig na Egerváry, ambao kazi yao aliijengea. Laptopu yangu ya mtumba inaitatua kwa droni hamsini kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Na kuna uzuri mmoja uliofichika: ukipunguza jumla ya mraba wa umbali, si umbali wenyewe, na zote zikaondoka na kufika kwa wakati mmoja kwa njia zilizonyooka, hazigongani, mradi zimeachana vya kutosha mwanzoni na mwishoni. Nilipoona hilo likitokea kwenye skrini yangu nilimwita mke wangu aje aone. Alitazama nukta zikipishana, akasema "sawa", akarudi jikoni.

Kuna watu wengine waliochukua njia tofauti. Mwaka 1987 Craig Reynolds alionyesha kwamba kundi la ndege kwenye kompyuta linaweza kuruka kama ndege wa kweli kwa kanuni tatu tu kwa kila ndege: usimkaribie mno jirani, elekea anakoelekea, usiachwe na kundi. Hakuna kiongozi wala faili. Mwaka 2014 kundi la Tamás Vicsek huko Budapest lilirusha droni kumi nje, zikijiamulia zenyewe kwa kanuni za aina hiyo. Kwa mwanasayansi hiyo ndiyo hatua kubwa. Lakini bustani za burudani hazitaki droni inayojiamulia. Zinataka njiwa aonekane kama njiwa kila jioni. Kwa hiyo ukiona video watu wakisema "akili ya kundi", mara nyingi ni chumvi. Hazina akili, zina ratiba.

Na ratiba ikikosewa, inakosewa na wote. Mwaka 2018 Xi'an, China, droni 1,374 zilipaa kuvunja rekodi, na mamia zikapotea njia. Maandishi angani yakawa vurugu huku watu wakitazama. Waliozirusha walisema ishara za kuziongoza ziliingiliwa. Lakini tukio lililoninyima usingizi ni la Orlando, Florida, Desemba 2024, juu ya ziwa dogo la Eola katikati ya mji. Droni ziligongana, nyingine zikatoka kwenye mpangilio na kuruka kuelekea watazamaji, na mtoto wa miaka saba akaumia vibaya kifuani. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa ajali wa Marekani ilitaja mpangilio wote uliokuwa umezunguka nyuzi 7 kutoka pale ulipotakiwa kuwa, na faili la mwisho la kuanzia ambalo halikufika kwenye droni zote.

Nyuzi saba. Nilichukua karatasi. Droni iliyo mita 100 kutoka kitovu cha mzunguko inasogea mita 12 ukizungusha nyuzi saba. Iliyo mita 200 inasogea mita 24. Mita 24 ndizo tofauti kati ya maji na kichwa cha mtu. Nami mwenyewe, kwenye programu yangu, nilikuwa nimeweka pembe ya ufuo kwa kukadiria kwa macho kwenye ramani. Nilirudi nikaipima upya usiku ule ule, na kuongeza sharti kwamba droni yoyote isiyo na toleo la mwisho la faili isiwashe hata injini. Mistari tisa ya programu. Ndiyo mistari muhimu kuliko yote niliyoandika, na hakuna mgeni atakayeiona.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu Kenya historia ya droni kwa sehemu kubwa ni historia ya barua. Kwa miaka mingi abiria walioshuka uwanjani Nairobi na droni kwenye begi waliachana nayo pale pale. Kanuni za kwanza zilizotangazwa mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, na zile zinazotumika zilitoka 2020. Chini ya kanuni hizo, droni inasajiliwa na Mamlaka ya Safari za Ndege (KCAA), mwendeshaji anahitaji cheti, usivuke futi 400, usikaribie watu, na usiku ni idhini ya pekee. Wakati huo majirani walikuwa wamekimbia: Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni za Zipline mwaka 2016, na Mwanza mwaka 2018 palifanyika majaribio ya kupeleka mizigo hadi kisiwa cha Juma, kwenye ziwa letu hili hili. Zipline baadaye waliweka kituo Chemelil, Kaunti ya Kisumu. Kwa hiyo droni za kazi zimeshatufikia. Za kufurahisha macho bado zinasubiri muhuri.

Mimi nilianza kujaza fomu. Ofisi moja ilinirudisha mara tatu, kila mara kwa karatasi ambayo mara iliyotangulia haikutajwa, na sitaitaja jina kwa sababu bado naihitaji. Lakini kabla ya barua za Nairobi kulikuwa na ruhusa nyingine ambayo rafiki yangu aliiona ndogo: ya ufuo. Kila ufuo wa uvuvi una kamati yake, BMU, na adabu tu ilitutaka twende kuwaambia kwamba tutarusha vitu juu ya maji yao.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wale ambao hawajalala kando ya ziwa hili. Mimi nimekulia Sori, upande wa Migori, kwenye ghuba ya Karungu, kwa nyanya yangu. Usiku usio na mwezi, ukitoka nje, unaona mji juu ya maji. Taa mamia, zimetandazwa hadi upeo wa macho, zikitikisika. Wageni huuliza ule ni mji gani. Si mji; ni wavuvi wa omena, samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa. Omena hupanda juu usiku na hufuata mwanga. Mvuvi huweka taa kwenye chelezo, akaiacha ielee, akasubiri samaki wakusanyike chini yake, kisha akazungusha wavu taratibu. Uvuvi huu wa taa ulienea ziwani tangu miaka ya 1960, na leo, kwa uzito, omena ndiye samaki anayevuliwa zaidi katika Ziwa Victoria lote. Sangara ndiye anayepanda ndege kwenda Ulaya. Omena ndiye anayelisha watu.

Utotoni taa zile zilikuwa karabai. Naikumbuka sauti yake, ule mfoko wa mafuta yaliyopigwa pampu, na kijisoksi chake kinachong'aa ambacho ukikigusa kinageuka majivu. Tone moja la maji baridi likirukia kioo cha moto, kioo kinapasuka. Mafuta ya taa yalikula mapato ya usiku kabla mvuvi hajafika nyumbani. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ilifungua Mbita kituo cha umeme wa jua, katika mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote, wavuvi wakodi taa zilizochajiwa na kuzirudisha asubuhi. Mbita hiyo hiyo! Nilipokuwa nasoma habari za Linz 2012 nikijisikia mshamba, miaka minne kabla ya hapo watu wa pale walikuwa tayari wakipeleka taa za betri juu ya maji usiku, wakizirudisha kuchajiwa kwa zamu. Baadaye WeTu, shirika lililoanzishwa 2019, limeendeleza kazi ya aina hiyo. Na taa ndogo za LED za bei nafuu zimefanya karabai iwe kitu cha kuonyesha watoto.

Tazama sasa kwa jicho la mtu wa kompyuta. Taa zile hazina faili. Kila nahodha anaangalia jirani yuko wapi, upepo unasukuma wapi, anasogea asije akachanganya nyavu na mwenzake, lakini asiende mbali mno maana akizama ni jirani atakayemsikia. Ni zile kanuni tatu za Reynolds, na zilikuwa zikitumika ziwani kabla yeye hajaziandika.

Basi tukaenda ufuoni. Mzee wa kamati alitusikiliza vizuri, akatazama video kwenye simu ya rafiki yangu hadi mwisho, akaomba kuirudia. Akasema ni nzuri sana. Halafu akauliza: "Huo mwezi wenu mtauwasha siku gani?"

Nikamwambia, "Jaduong', huo si mwezi. Ni taa ndogo tu. Dakika kumi, tumemaliza."

"Nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu, "hata mwezi ni taa tu."

Wavuvi wa omena hawaendi ziwani usiku wa mwezi mpevu, au wakienda hawapati kitu. Mwanga wa mwezi ukitanda kila mahali, samaki hawana sababu ya kuifuata taa yako. Mapato ya mwezi mzima yamo katika zile wiki za giza, na kwa miaka mingi kumekuwa pia na kufungwa kwa uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Usiku wa giza hauna wa akiba. Rafiki yangu alitaka onyesho lifanyike katika giza zuri, kwa sababu giza zuri hutoa picha nzuri. Ni giza lile lile.

Nilitaka kubisha. Kichwani nilisema taa hamsini ndogo haziwezi kushindana na mwezi. Niliporudi nyumbani nikapiga hesabu, nikitegemea niwe na namba ya kumpelekea mzee kwa heshima. Tuseme kila droni ina taa ya lumeni 500 inayotawanyika pande zote. Kwa umbali wa mita 100 hiyo ni kama luksi 0.004. Zidisha kwa 50: luksi 0.2. Mwezi mpevu, ukiwa juu kabisa, hutoa kati ya luksi 0.1 na 0.3.

Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea sifuri.

Ni kweli kwamba ukienda kilomita moja mbali mwanga unapungua mara mia, na kwamba ni dakika kumi tu. Ningeweza kumpelekea namba hiyo ya kilomita moja na kuiacha ya mita mia nyumbani. Lakini mashua za ufuo ule zinaanza kuvua karibu, hasa vijana wasio na injini, na mmoja wao ni binamu yangu. Nikampelekea zote mbili. Mzee hakushangaa hata kidogo, alishangaa tu kwamba kuna mtu anapima mwezi.

Tulikubaliana hivi. Kama barua za Nairobi zitakubali, tutarusha katika siku tatu za mwezi mpevu, wakati mashua ziko ufuoni zikitiwa viraka na wavuvi wenyewe wako nchi kavu, kwa hiyo nao watatazama. Rafiki yangu amenuna. Anasema picha zitafifia, na ni kweli zitafifia kidogo, mwezi mpevu huchomoza jua likizama na saa mbili usiku utakuwa tayari juu. Nimemwambia nitaongeza mwanga na kupunguza rangi hafifu, na umbo la ngege nimeshalichora upya kwa mistari minene. Jina la hoteli tumeliondoa kwa sasa. Herufi zinakula droni nyingi.

Fomu ya nne naipeleka Jumatatu. Programu ya kuigiza nitaiweka hapa wiki ijayo kwa wanaotaka kuichezea, na atakayepata kosa kwenye ile sehemu ya pembe aniandikie haraka.